Komeo Upande wa Nje

Nimeambiwa kuna vijana hapa Arua, nyuma ya stendi, wamenunua gari bovu la abiria na wanataka kuligeuza nyumba ya kulala. Wameona kwenye simu. Wazungu wamekaa ndani ya gari, mbao zinang'aa, kikombe cha kahawa mkononi, mbwa miguuni. Mmoja wao alipita kwangu wiki iliyopita kuuliza kama ni kweli mimi, mzee Sebi, niliwahi kufanya kazi ya namna hiyo. Alinikuta nimelala. Siku hizi nalala mchana, maana kifua kimejaa vumbi la mbao za mvule la miaka arobaini na mgongo umeshakataa maelewano. Nikamwambia arudi kesho, hakurudi. Basi naandika. Kusema kunanichosha zaidi, na nyinyi mkiwa mnasoma angalau mnanyamaza.

Ndiyo, niliwahi. Gari moja tu. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla sijaweka msumeno chini, na niliiharibu vibaya kabla ya kuiweka sawa. Anayetaka mbao zinazong'aa tu na arudi kwenye simu yake.

Mimi sikuwa fundi wa nyumba. Mimi nilikuwa fundi wa mabodi ya malori. Zamani lori lilikuja kichwa na mifupa yake tupu, sisi ndio tuliolivisha mbao: sakafu, kuta, milango ya nyuma. Karakana yetu ilikuwa njia ya Vurra, ambapo malori ya Kongo yanapita na mbao, kwa hiyo kuni na riziki vilitoka kwenye gogo moja. Siku hizi mabodi ni ya chuma, yanachomelewa kwa siku mbili, na fundi wa mbao anabaki kutengeneza vitanda na majeneza. Sina ugomvi na chuma. Nasema tu kwamba ndivyo nilivyozeeka.

Aliyenifundisha alikuwa fundi Faustin, mtu wa Aru, ng'ambo ya mpaka. Mimi nilikuwa mtoto wa askari, niliyekulia kambini, nikarudi Koboko na sanduku la bati na Kiswahili cha amri. Bodi la kwanza nililofanya peke yangu nilipiga misumari kila mahali, nikidhani wingi ndio uimara. Wakati huo njia ya Koboko haikuwa na lami. Lori likaondoka na magunia ya maharage, na kabla ya kufika nusu ya safari misumari yote ilikuwa imejichomoa kwa mtikisiko, mbao zikaanguka moja moja barabarani, na maharage yakazifuata. Faustin hakunigombeza. Alinipa kopo tupu la rangi, akaniambia nitembee barabara ile niokote misumari yangu. Nilitembea siku mbili. Wanawake wa kijijini waliokuwa wakiokota maharage walinipungia mkono, wakidhani tuko kwenye kazi moja.

Tangu hapo natumia bolti, na chini ya kila nati naweka washa ya springi. Hilo liandikeni. Gari si nyumba, gari linatetemeka hata likiwa linatembea polepole, na kila kilichopigwa msumari siku moja kitatoka. Jingine, ndani ya gari hakuna kona iliyonyooka. Wekeni skwea kando. Chukueni boksi la sabuni, mlikate, mlibane kwenye ukuta wa gari mpaka likae lenyewe, kisha mchore ubao kwa kufuata boksi. Nilipoteza mbao tatu nzuri kabla sijakubali kwamba boksi la sabuni lina akili kuliko mimi.

Sasa Kiden. Kiden ni mwanamke mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu wa Sudan Kusini, aliyevuka kuja Koboko na mama yake mzee. Mama huyo tulimwita Haboba, yaani bibi, kama wapangaji wote wa ua wao walivyomwita. Miguu yake ilikuwa imekufa. Alitembea kwa kujikokota na fimbo, na kusimama wima hakuweza. Ujanani aliwauzia askari chai, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kama changu, cha kambini, hakina mapambo.

Biashara ya Kiden ilikuwa ya kufuata magulio. Leo Koboko, kesho kutwa Vurra, siku nyingine Inde. Siku za gulio la mbali alilala barazani kwa watu, na Haboba alibaki peke yake kwenye chumba cha kupanga, akingoja jirani akumbuke kumpelekea maji. Kisha mwenye kiwanja akauza kiwanja. Akawaambia wapangaji mwisho wa mwezi ujao wote wawe wametoka. Kiden alikuwa na njia mbili tu. Aache magulio, au ampeleke mama yake kwenye kambi ya wakimbizi, kwa ndugu wa mbali ambao hata jina la Haboba walikuwa wanalikosea. Ndipo akanunua vani kuukuu ambayo injini yake ilikuwa bado inaitika, akanijia.

"Mzee," akaniambia, "nyumba ya chini nimeacha mbili. Moja iliungua, moja nilikimbia. Sasa nataka nyumba yenye itatembea pamoja na mama."

Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimechoka tayari, mke wangu alikuwa ameshanikataza hata kunyanyua ndoo. Lakini ilikuwa miaka miwili hakuna mtu aliyenijia na kazi ya kufikiri, kwa hiyo nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Mbao nilizipata Vurra. Kulikuwa na lori limelala karibu na mpaka miaka mingi, mti umeota kwenye injini yake, na nilipolikaribia nikalitambua bodi. Lilikuwa kazi yangu, karibu miaka thelathini nyuma. Mwenye lori alikuwa ameshafariki, na wanawe walifurahi kumpata mtu wa kuondoa takataka. Nililibomoa mwenyewe, bolti moja moja. Ni jambo la ajabu kubomoa kazi yako ya ujana. Unakutana na kijana mwenye nguvu nyingi na haraka nyingi, na unataka kumzaba kofi, lakini hapo hapo unamwonea wivu.

Mbao kuukuu zina masharti yake. Msizipige randa kwanza, maana mchanga ulioingia kwenye nyufa utakula makali yote. Zisugueni kwa brashi ya waya, kisha muoshe, kisha mziweke kivulini, siyo juani, mkitenganisha kila ubao na mwingine kwa vipande vidogo ili upepo upite. Mpitishe sumaku ya spika mbovu juu ya kila ubao. Kila mahali sumaku inaposhtuka kuna msumari uliokatikia ndani, na msumari mmoja wa namna hiyo ulishawahi kuninyang'anya nusu ya kucha ya kidole gumba. Halafu nuseni. Ubao uliobeba dizeli hautasahau dizeli, hata muupake nini. Mimi nilinusa, nikasikia harufu, nikajiambia itaisha.

Uzuri wa lori lile ulikuwa milango yake ya nyuma. Mbao za mvule, bawaba nzima, na komeo la Faustin. Hili komeo ni la chuma, limening'inia kwenye pini yake, na ukisukuma mlango ukajifunga linajiangukia lenyewe kwa uzito wake. Halihitaji mkono. Faustin alilibuni kwa sababu matanboi, wale vijana wa kupakia lori, walikuwa wanasahau kufunga. Kufungua, lazima usimame nje, ulinyanyue. Nilipolijaribu pale Vurra, baada ya miaka yote ya mvua na jua, lilidondoka kama siku ya kwanza. Niliona fahari, nakiri. Nilikaa chini nikalitazama, nikalinyanyua na kuliachia mara tatu.

Vani ilikuwa imepoteza mlango wa nyuma, mlango wa pembeni ulikuwa umeshikwa na kutu haufunguki, na sakafu ya nyuma ilikuwa imeliwa. Nikakata bati lililooza, nikaweka sakafu ya mbao. Kuta nikazipandisha mpaka juu, vioo nikavifunika, kwa sababu Kiden alisema hataki watu wachungulie mama yake amelala. Nikaacha kidirisha kimoja juu. Kati ya dereva na nyuma nikaweka ukuta. Kitanda nikakiweka mbele ya mlango wa pembeni uliokufa, chini yake droo ya samaki. Nyuma nikaning'iniza mlango mmoja wa lori lile, nimeupunguza upana, pamoja na komeo lake kama lilivyokuwa. Watu walikuja kutazama. Kulikuwa na mtu aliyesema anaweza kuoa ndani yake. Nilijisikia fundi tena.

Mmeshaona kosa? Mimi sikuliona. Miaka arobaini nilifanya milango, na katika yote hakuna mlango hata mmoja ambao nyuma yake palikuwa na mtu anayetaka kutoka. Mzigo haufungui mlango. Hayo yalikuwa maneno ya Faustin mwenyewe alipoulizwa kwa nini komeo liko nje tu.

Gulio la kwanza walikwenda Inde. Kiden aliegesha karibu na mashine ya kusaga unga, akamwacha Haboba kitandani, na kwa sababu ya vumbi akausukuma mlango. Komeo likaanguka. Hakulisikia. Akaenda kupanga samaki wake. Jua likapanda, bati la juu likashika moto, na Haboba alipotaka hewa akajikokota mpaka mlangoni akausukuma. Alipiga kwa fimbo. Mashine ilikuwa inaunguruma, hakuna aliyesikia. Kidirisha changu kilikuwa juu, mahali ambapo mtu mwenye miguu mizima tu ndiye angefika.

Kiden alirudi saa nane kumpelekea chakula. Alimkuta amelala kifudifudi sakafuni, mdomo kwenye ufa kati ya mbao mbili. Nyufa zile niliziacha kwa mazoea tu, kama tunavyoziacha kwenye malori ili maji ya kuoshea yatoke. Alikuwa anavuta hewa kutoka chini ya gari. Alikuwa hai. Kiden aliniambia baadaye kwamba mama yake hakupiga kelele hata mara moja. Walipovuka mpaka walikuwa ndani ya lori lililofungwa, chini ya turubai, na aliyepiga kelele angewaponza wote. Tangu siku ile Haboba ndani ya gari lililofungwa hanyanyui sauti.

Habari hiyo ilinikuta nakula. Sikumaliza kula, wala siku ile wala kesho yake. Msiniulize nilijisikiaje. Niliona bora ningekufa na sifa yangu ya malori bila kuligusa gari lile.

Nilipanda gari nikaenda Koboko na sanduku la vifaa. Ilikuwa imebaki siku tisa watoke uani. Kiden alinipokea bila kunitazama usoni, akaniambia kwamba mama yake amesema hatatia tena mguu ndani ya kile kitu, afadhali kambi. Vani ilikuwa imesimama juani katikati ya uwanja. Haboba alikuwa kwenye mkeka, kivulini, na birika la chai. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitalihamisha komeo leo leo, kazi ya saa moja.

Akamimina chai. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea kwenye gari.

"Fundi, ingia ndani."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ingia tu. Mimi pia niliingia tu."

Kiden alianza kumwambia mama yake kwamba hivyo sivyo, mzee wa watu ana kifua. Nikamwambia aache. Nikaweka sanduku la vifaa chini, nikaingia, na Kiden akausukuma mlango. Komeo likadondoka. Safari hii nililisikia kutoka upande mwingine.

Mwanzoni nilifanya utani. Nikasema, Haboba, usinywe chai yote. Nikakaa kitandani na kichwa kikagonga rafu, maana nilikuwa nimepima rafu nikiwa nimesimama. Nikatazama kidirisha na nikaona kipande cha anga tu, hakuna mtu, hakuna njia. Jasho likaanza. Ile dizeli niliyojiambia itaisha ikapanda kutoka kwenye mbao ikanikaa kooni, na kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikausukuma mlango kwa bega. Nawaambia ukweli, ulikuwa mlango imara, nilijenga vizuri sana. Nikausukuma tena. Kisha moyo ukaanza kwenda mbio kwa namna ambayo siyo ya joto, nikaelewa kwamba naogopa, mimi, ndani ya kazi ya mikono yangu, mchana kweupe, na watu wawili ninaowajua wamekaa hatua kumi kutoka nilipo. Nikalala sakafuni. Nikatafuta ufa, nikaweka mdomo. Ukitulia pale unaona ardhi, na kivuli cha gari, na mbali kidogo miguu ya Haboba imenyooka kwenye mkeka.

Sijui ilikuwa muda gani. Kiden anasema haikufika nusu saa. Mlango ulipofunguliwa Haboba mwenyewe ndiye aliyekuwa hapo, amejikokota mpaka kwenye kizingiti, ameshikilia komeo.

"Umeona nini?" akauliza.

Nikamwambia nimeona dirisha liko juu mno, rafu iko chini mno, mbao za kando ya kitanda zinatoa dizeli, juu hakuna pa kutokea joto, na komeo.

"Na tena?"

Nikasema msumari mmoja karibu na mto, umechomoza. Sijui niliutia mimi kwa nini.

"Hiyo yote mimi niliona kabla yako," akasema. "Tengeneza."

Basi nikalala Koboko siku nane, kwa dada yangu, na kila asubuhi nilikuwa uani. Nilibomoa karibu kila kitu. Haboba alikaa mkekani kama mkaguzi, na mimi sikupima tena nikiwa nimesimama. Kila kipimo nilikipima nikiwa nimekaa au nimelala, nimeegesha miguu kama nayo imekufa. Hii ndiyo siri yote ya kazi mnayotaka kuifanya, na hamtaiona kwenye simu. Ingieni ndani, mfunge, mkae kama atakavyokaa yule atakayelala humo, mpaka muwe na hasira. Kisha ndipo mchukue penseli.

Mbao za dizeli nilizitoa nikazigeuza ngazi ya kupandia, huko nje zikanuke zinavyotaka. Nikafungua vioo viwili usawa wa mto wake, nikaweka viluva, yaani vibao vyembamba, ambavyo mtu analaza kwa kidole kimoja akitaka kuona, na kusimamisha akitaka asionekane. Kwenye ukuta wa dereva nikatoboa kilango cha kupitisha mkono, ili Kiden akiwa anaendesha asikiane na mama yake. Juu nikaacha nafasi chini ya bati, upepo ukapita. Nyufa za sakafu nikaziacha kama zilivyo. Na komeo la Faustin nikalifungua kutoka mahali pake. Nikatengeneza jingine la mti wa tiki, la kusukuma, lenye mpini mnene, maana vidole vya Haboba havikunji. Nikaliweka ndani, chini, mkono wake unapofika akiwa kitandani. Nje sikuweka kitu. Kiden aliuliza watafungaje wakiwa wameondoka wote wawili, na Haboba akajibu kwamba hakuna siku watakayoondoka wote wawili.

Siku ya tisa ilifika. Wapangaji wengine walikuwa wameshatoka, mwenye kiwanja mpya alikuwa ameleta matofali. Kiden alikuwa amefunga vyombo vyake kwa kamba na hakujua avipakie kwenye vani au kwenye gari la kwenda kambini, kwa sababu mama yake hadi asubuhi ile alikuwa hajasema ataingia au hataingia. Ukimuuliza anasema tutaona. Mimi nilikuwa nimepiga bolti ya mwisho. Mgongo ulikuwa unaniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika.

Haboba akajikokota mpaka kwenye ngazi. Alikataa kushikwa. Akapanda vidato viwili kwa makalio, kinyumenyume, akaingia. Akavuta mlango. Tukasikia mti ukisuguana na mti, komeo likaingia.

Tukasimama. Viluva vya dirisha vikasimama kimoja baada ya kingine, ndani hapakuonekana kitu. Kiden akangoja, kisha akaita, Mama. Akaita tena. Mimi nilikumbuka sakafu na ule mdomo kwenye ufa. Nikachukua nyundo. Nilikuwa tayari kuuvunja mlango wangu. Nikagonga ubao kwa ngumi, nikasema, "Haboba, iko namna gani huko? Fungua mlango."

"Nani anagonga?" sauti ikatoka ndani, wala haikuwa na haraka.

"Mimi fundi. Na Kiden."

"Mimi iko kwangu," akasema Haboba. "Nyinyi ngojea huko nje."

Kiden akakaa chini kwenye mchanga, pale pale, akafunika uso kwa kanga, na mabega yakawa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka na sikumuuliza. Nikaweka nyundo sandukuni, nikakaa na mimi. Wale wenye matofali walikuja kuuliza tunangoja nini, tukawaambia tunamngoja mwenye nyumba.

Alifungua alipotaka.